Habari Aliyoisambaza Bila Kuifungua

Ndugu zangu, nianze na ile asubuhi ya Machi kabla mambo hayajaharibika, maana nyumba ya kina Gosselin ilikuwa nyumba ya kuonewa wivu hapa bondeni kwetu, kaskazini mwa Vermont. Usiku kulikuwa na baridi ya kugandisha, asubuhi jua likachomoza, na hivyo ndivyo inavyopenda miti ya sukari, ile ambayo utomvu wake huchemshwa ukawa shira. Utomvu ulishaanza kushuka. Jikoni, Armand Gosselin, fundi mstaafu wa mabasi ya shule, alikuwa na kikombe chake cha kahawa. Mkewe Lucille alikuwa akikaanga donati. Binti yao Denise, aliyerudi kwa wazazi baada ya kuachana na mumewe, alikuwa akifunga vifungo vya sare yake ya kazi, kazi ya kuwatunza wazee kule mjini. Na Josie, mtoto wa Denise, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka miwili, alikuwa kwenye kiti chake kirefu akila uji wa shayiri uliomiminiwa shira ya mti, huku akiimba wimbo wenye neno moja tu: "Pepe, Pepe, Pepe." Pepe ni babu. Ndivyo watoto wa ukoo wao wanavyoita.

Basi simu ya Armand ikalia mezani, na kikombe kikawekwa chini.

Hapo lazima nieleze kidogo. Armand alikuwa na ukurasa mtandaoni aliouita Kahawa na Armand. Kila asubuhi alitafuta habari moja, ya sayansi, ya mitambo, au ya jinsi watu wanavyoishi siku hizi, akaiweka kwenye ukurasa wake na kuandika chini yake yeye anaionaje. Mwanzoni ilikuwa burudani tupu, wala sitasema uongo, hata mimi nilicheka. Ilipokuja habari ya roboti anayepika chapati hotelini, aliandika: "Muulizeni kama anaweza pia kumsikiliza mteja aliyeachwa na mkewe." Wataalamu waliposema wamenasa sauti kutoka kwenye nyota ya mbali sana, aliandika: "Wanasikia nyota! Mimi simsikii Lucille akiniita kutoka chumba cha pili." Na kuhusu mayai: "Mwaka juzi yai liliua, mwaka jana likatibu, mwaka huu linaua tena. Kuku wangu wanaomba likizo."

Watu wa bonde wakamfuata, kisha watu wa mbali, kisha watu wasiojua hata Vermont iko upande gani. Na hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Armand aligundua kwamba akiandika kwa upole watu hucheka na kupita zao, lakini akiandika kwa hasira wanarundikana. Akaanza kuwakejeli wataalamu. Akaanza kuona njama. Kila alipoandika jambo kali, simu ililia mfululizo, na kila ilipolia aliona raha fulani kifuani, raha ya mtu aliyestaafu kazi ambayo hakuna aliyewahi kumpigia makofi. Kufungua habari yenyewe na kuisoma kukawa kunamchelewesha. Akawa anasoma kichwa cha habari, anatazama picha, anaandika, anatuma.

Usimcheke. Habari ya mwisho uliyowatumia wenzako, uliisoma mpaka chini?

Asubuhi ile kichwa cha habari kilisema: "Watafiti Waonya Kuhusu Risasi Katika Vyombo vya Zamani vya Shira." Si risasi ya bunduki, bali yale madini laini ambayo mafundi wa zamani waliyatumia kulehemu mabati. Armand alikisoma, na masikio yakamwiva. Babu yake alikuwa ameacha ndoo nyingi za namna hiyo, na karai kubwa bapa la kuchemshia, vyote vimelala kwenye dari ya ghala. Babu huyo alikula shira yake maisha yake yote na akafa mzee sana, tena kwa kuanguka ngazini.

Akaandika: "Sasa wamemfikia babu yangu kaburini. Alikuwa na sumu gani, sumu ya kufanya kazi? Watafiti hawa wamewahi kubeba ndoo, au wanabeba kalamu tu?"

"Umeisoma hiyo?" aliuliza Lucille bila kugeuka kutoka kwenye mafuta.

"Nimeisoma."

"Nimekutazama, Armand. Hujaifungua."

"Lucille, ng'ombe akichungulia mlangoni, unahitaji kuuona mkia ndiyo ujue ni ng'ombe?"

"Nahitaji kumwona mzima ndiyo nijue kama ni dume linalokuja kunipiga pembe," alisema Lucille, na Denise akacheka hadi akamwaga kahawa. Josie naye akacheka, bila kujua anacheka nini. Laiti mambo yangeishia kwenye kicheko kile.

Hayakuishia hapo. Mchana, jirani yao Royce Tatro aliandika chini ya maneno ya Armand, mbele ya watu wote: "Domo tu, Armand. Mwenyewe unavuta utomvu kwa mipira ya plastiki na una karai jipya linalong'aa. Kama ni kweli, shusha ndoo za babu tuone."

Royce alikuwa anamtania. Wamekua pamoja hao, wametaniana tangu wakiwa na meno ya utoto. Lakini wageni wakaidaka: shusha, shusha, shusha. Armand akaweka ngazi ghalani, akazishusha ndoo, akazisuuza, akazitundika kwenye miti iliyo kando ya barabara, moja moja, akijipiga picha kwenye kila mti. Karai jipya akaliegesha ukutani, la babu akaliweka juu ya moto.

Sasa sikilizeni, wenye miti mnalijua hili. Utomvu wa ndoo hukusanywa kila siku, na joto likizidi hukusanywa mara mbili, kwa sababu ukikaa unachacha. Armand alilijua tangu utoto. Lakini wiki ile alikuwa anajibu watu. Alisimama katikati ya theluji iliyoanza kuyeyuka, glavu ameivua, kidole gumba kimekuwa chekundu kwa baridi, akimjibu mtu wa Texas aliyemwita mjinga.

"Armand!" Royce alimwita kutoka kwenye gari lake. "Ndoo zako zinafurika, bwana! Zina rangi ya chai!"

"Nakuja, nakuja. Nammaliza huyu kwanza."

Utomvu ukakaa ndani ya mabati yale siku baada ya siku, ukichacha na kuramba ile mishono iliyolehemewa. Kisha ukaenda karaini, ambako mapipa na mapipa ya maji huchemshwa mpaka yabaki madumu machache. Kitamu kikakolea. Na kile kingine kilichokuwemo, kisicho na rangi wala harufu, nacho kikakolea.

Jumamosi iliyofuata akawaalika majirani kwenye shira ya thelujini, kama tufanyavyo kila mwaka. Shira ya moto inamwagwa juu ya theluji safi, inaganda na kuwa kama ulimbo mtamu, unaizungusha kwenye uma, unaila na donati, halafu unang'ata achari ya tango ili utamu usikushinde, na unaanza tena. Bonde zima lilikuja. Denise alikuwa zamu. Armand akamkabidhi Royce simu, akambeba Josie mkono mmoja, na uma akaushika kwa mkono wa pili.

"Karibuni Kahawa na Armand!" alisema, akiitazama simu. "Leo tuko maabara. Hizi ni ndoo za muuaji, yaani babu yangu. Na huyu ndiye mtaalamu wangu mkuu. Mtaalamu, hebu onja utuambie. Kuna sumu?"

Josie akafungua kinywa, akaila, akafumba macho. "Pepe, tena!"

"Mtaalamu anasema tena!" Watu wakaangua kicheko. Hata Lucille alicheka.

Video ile ilitazamwa na watu wengi kuliko jambo lolote aliloweka Armand kabla yake. Ilivuka mipaka, ikapewa maneno kwa lugha ambazo Armand hakuzitambua. Kwa muda wa wiki nzima alitembea kifua mbele. Shira ya mipira ya plastiki akaiuza kama kawaida. Ile ya ndoo za babu, aliyoiona kuwa ndiyo yenyewe hasa, akaiweka kwa matumizi ya nyumbani. Chupa kadhaa akawagawia majirani. Dumu kubwa likabaki jikoni kwake, na kila asubuhi uji wa Josie ukapata haki yake.

Majani yakatoka, yakawa mazito. Josie akaanza kusumbuliwa na tumbo. Akawa analia bila sababu, anakataa kila chakula ila kitamu, na kwa sababu alikataa kila kitu, Armand alimwongezea shira ili angalau ale uji. Maneno yake pia yalikuwa yamesimama. Majira ya baridi alikuwa akipata neno jipya kila mara, mbwa, mwezi, kiatu, kisha ikawa kana kwamba ameyaweka mahali na kuyasahau. Lucille alisema ni meno.

Alipotimiza miaka miwili, Denise alimpeleka kliniki, na huku kwetu kila mtoto wa umri huo hutolewa damu kupimwa risasi. Wakamchoma kidoleni. Siku chache baadaye wakawaita tena, wakamchoma mkononi. Kisha daktari akapiga simu mwenyewe, na Denise akaisikiliza akiwa amesimama, halafu akaketi sakafuni.

"Ana risasi mwilini," alisema. "Nyingi. Wanaleta mtu aikague nyumba."

Aliyekuja alikuwa mama mtaratibu, afisa wa afya, Bi. Colleen Varney. Alipita chumba kwa chumba na kifaa chake akipima kuta. Nyumba ile ni ya zamani, na kwenye dirisha la chumba cha Denise rangi ilikuwa inabanduka.

"Ni rangi," Armand alisema upesi. "Nilijua ni rangi tu."

"Inawezekana ikawa rangi," alisema Bi. Varney. "Kwa kawaida huwa ni rangi. Lakini hii si nyingi, na kiwango cha mtoto ni kikubwa. Naomba mfikirie pia kitu chochote cha zamani kinachogusa chakula chake. Vyungu, mabirika, vyombo vya kulehemewa. Chochote kile."

 Armand akaelekeza macho kwenye lile dirisha kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuliona.

Afisa alipoondoka, Lucille alibaki ameshika kitasa cha mlango. "Armand. Zile ndoo. Ile habari ya Machi ilisemaje?"

"Ilihusu viwanda vikubwa. Si watu kama sisi."

"Uliisoma?"

"Si nilikwambia nimeisoma?"

Lucille akamwamini. Mwanamke aliyeishi na mtu miaka yote hiyo anaamua kumwamini, kwa sababu kutomwamini ni kazi kubwa zaidi.

Armand akaenda mwenyewe mpaka kwenye kibanda cha kuchemshia shira, akajifungia, akaitafuta habari ile kwenye ukurasa wake. Ilikuwepo, chini ya kejeli zake, imesambazwa na maelfu walioipata kwake. Akaigusa. Kwa mara ya kwanza ikafunguka.

Haikuwa na ukali wowote. Iliandikwa kwa heshima. Watafiti walisema hawawalaumu wazee wa zamani, kwamba hawakujua. Walisema mtengeneza shira mwenye vyombo vipya hana la kuogopa. Chini kabisa, sehemu ambayo hakuna afikaye, walieleza kwamba hatari huwa kubwa zaidi utomvu ukiachwa ukae na kuchacha ndani ya ndoo za kulehemewa, na kwamba shira yake wasipewe kabisa watoto wadogo na wanawake wajawazito, kwa kuwa risasi huingia kwenye ubongo unaokua na haionyeshi dalili mpaka imeshafanya kazi yake.

Armand akaisoma mara ya pili. Kisha akainama, akashika kichwa kwa mikono miwili, akalia kwa sauti ndogo kama mtu anayeogopa kusikika.

Mngemwona wakati ule mngemhurumia. Mimi pia ningemhurumia, kama si alichokifanya baadaye. Alirudi jikoni wakati hakuna mtu, akalichukua lile dumu, akalimwaga nyuma ya ghala, akalisuuza, akalijaza shira ile ya mipira. Ndoo akazirudisha darini. Akajiambia: mtoto sasa yuko salama. Basi. Kuna faida gani kusema?

Faida ilikuwa mbele ya macho yake. Denise aliomba ruhusa kazini, akafunga kitambaa puani na mdomoni, akawa anafuta kila ukuta kwa maji ya sabuni, akipiga magoti sakafuni mpaka yakachubuka. Lucille akafuta nyuma yake. Wakalifunga lile dirisha kwa mbao. Na jioni moja Armand alimkuta binti yake ukumbini, ameegemea ukuta, macho yamevimba.

"Ni mimi, Baba," alisema. "Mimi ndiye niliyemlaza karibu na dirisha. Mama alilea watoto humu humu, hakuna aliyeumwa. Nimekuja mimi, nikamlaza pale kwa sababu nilitaka aone miti."

"Usijilaumu, binti yangu," alisema Armand.

Akampapasa bega. Alikuwa na maneno ya kumtua mzigo ule mara moja, akayameza, akaenda kulala.

Ndugu zangu, yale ya mwanzo yalikuwa upumbavu, na upumbavu unasameheka. Hili la ukumbini silo upumbavu. Mtu huyu aliogopa kuchekwa na watu asiowajua kuliko alivyoogopa machozi ya mwanawe.

Siku zikaenda hivyo, mpaka asubuhi moja Royce alipopita kuazima ngazi. Alikuwa amechangamka.

"Shelby ana mimba," alisema. Shelby ni mke wa mwanawe. "Tulikuwa tunanyamaza mpaka tumbo likae sawa. Na unajua kinachochekesha? Kila kitu anakitapika. Nyama anatapika, mkate anatapika. Kitu kimoja tu kinakaa tumboni: ile shira yako ya ndoo za babu. Anailamba na kijiko! Nimemwambia nitakuja kukuomba chupa nyingine."

Armand aliirudisha ukutani ngazi aliyokuwa akimpa.

"Umekuwaje? Huna tena? Nitakulipa, mzee, usiogope!"

"Royce," alisema Armand. "Ingia ndani. Keti."

Akawaita wote. Lucille akaja na mikono yenye unga, Denise akiwa amempakata Josie. Akasema. Hakusema vizuri, alianzia katikati, akarudi nyuma, akamtaja babu yake, akawataja watafiti, na Denise ndiye aliyemkatisha.

"Subiri. Lini uliijua hii?"

"Siku ile afisa alipokuja."

"Siku ile." Sauti ya Denise haikupanda. "Kwa hiyo nilipokuwa nafuta kuta, ulijua. Niliposema ni mimi, ulijua."

"Nilishaimwaga, Denise. Niliona mtoto hatakula tena, nikaona..."

"Uliniambia nisijilaumu, Baba. Ulinishika bega."

Royce alikuwa ameshasimama. Hakukumbuka ngazi. Alikimbia, mtu wa umri wake, akalikata shamba hadi nyumbani kwa mwanawe, na kupitia dirishani walimwona akiteleza, akianguka na kuinuka.

Lucille alijipangusa unga vidoleni. "Nilikuuliza mara mbili," alisema. "Mara mbili, Armand. Hukuwa unawadanganya watu wa Texas pale. Ulikuwa unanidanganya mimi."

Siku ile ile Armand aliandika kwenye Kahawa na Armand. Hakutia utani. Aliandika kwamba hakuwa ameisoma ile habari, kwamba watafiti walisema kweli, kwamba mjukuu wake anaumwa, na yeyote aliyemwiga azitupe ndoo na shira yake, na awapeleke watoto wakapimwe. Akatuma, akangoja.

Na unafikiri walimwelewa? Mmoja aliandika: "Wamemnunua." Mwingine: "Siku zote nilijua ataufyata." Mwingine: "Huyu si Armand, wameiba akaunti yake." Mwingine akacheka tu, picha za kucheka safu nzima. Wachache mno ndio waliofika mwisho wa maneno yake, na hilo lilidhihirika kwa majibu yao. Walikuwa wamesoma mstari wa kwanza wakaona unatosha. Yeye ndiye aliyewazoesha.

Akaifuta ile video. Lakini ilikuwa imeshachukuliwa na kurasa nyingine, na huko haikuwa na jina lake wala na masahihisho yake. Mpaka leo ukitafuta utaiona: mzee mcheshi, theluji, mtoto anayefumba macho. "Pepe, tena!" Na chini yake watu wanaandika kwamba wameshusha ndoo za babu zao.

Akaenda kwa miguu nyumba kwa nyumba kukusanya chupa. Wengine walimrudishia kwa huruma. Wengine walikuwa wamezimaliza, wakasimama mlangoni wakiwahesabu watoto wao kwa macho. Kwa Shelby alipokelewa na Shelby mwenyewe, chupa ikiwa tayari mkononi, imebaki kidogo sana chini.

"Baba mkwe alituambia umesoma mambo hayo," alisema yule mwanamke. "Alisema Armand anasoma kila asubuhi, Armand ndiye anajua. Ndiyo maana nilikula." Akamkabidhi chupa. "Mtoto wangu watampima akizaliwa. Mpaka hapo, usije hapa."

Josie kiwango chake kinashuka, taratibu sana. Wameanza kumpeleka kwa mtaalamu wa kumfundisha kusema. Daktari anapoulizwa kama kilichoharibika kitarudi, anasema tungoje shule, yaani tungoje miaka, na huo ndio ukweli alio nao. Denise alihama akapanga chumba mjini. Lucille hakumwacha mumewe, ila amehamishia kitanda chake kwenye kile chumba cha dirisha la mbao.

Ukurasa haupo tena. Armand aliufunga, na simu siku hizi inalia mara chache, tena ni daktari wa meno.

Kila Jumapili baada ya kanisa Denise humleta mtoto kwa saa moja. Anakuja na mfuko begani. Ndani mna chakula cha Josie, maji ya Josie kwenye chupa yake, kikombe chake na kijiko chake. Jumapili iliyopita Lucille alikuwa amekaanga donati, amezipanga kwenye sahani katikati ya meza. Armand alikuwa ameketi upande wa pili, mikono juu ya magoti. Josie akazitazama zile donati, akamtazama babu yake, akanyoosha mkono.

"Pepe," alisema. "Tena?"

Denise akaushika ule mkono mdogo hewani, polepole, akaurudisha kifuani mwa mtoto. Hakukasirika. Hakumtazama hata baba yake.

"Hapana, mama," alimwambia. "Kwa Pepe hatuli."

Tunachojifunza

Tusome kabla hatujasema. Habari si kichwa chake. Aliyeiandika aliweka onyo lililokuhusu chini kabisa, na wewe ulikuwa umeshacheka na kuondoka. Una haki ya kuwa na maoni yako juu ya sayansi, na mitambo mipya, na jinsi dunia inavyokwenda; hata wataalamu hukosea, na kuwauliza maswali si dhambi. Lakini maoni juu ya jambo usilolisoma ni kelele tu, na ukiwasambazia watu wanaokuamini, wataila kelele hiyo wakidhani ni chakula.

Na tukishakosea, tuseme siku ile ile. Tusingoje. Wakati tunatafuta namna ya kusema bila kuaibika, kuna mtu anajilaumu kwa kosa letu, na kuna mwingine bado ana chupa yetu kabatini kwake. Aibu ya mtandaoni hupita. Wiki ijayo watamcheka mtu mwingine. Armand alikuwa na raha ya maelfu ya watu asiowajua, na kwa raha hiyo akapoteza watu watatu waliokuwa wakila naye meza moja.

Ukimaliza kusoma haya, usiyasambaze kwanza. Nenda kaangalie yale uliyosambaza wiki hii, uyafungue, uyasome mpaka chini. Ukikuta ulikosea, jirani yako yuko hapo hapo. Kamwambie.